Kata Mbele ya Kata

Waheshimiwa, nimekuja na vitu vitatu:
leseni, ambayo wino wa mhuri umeanza kupauka,
daftari la mauzo, lenye madoa ya ulezi,
na kata hii ya kibuyu,
tusije tukabishana juu ya kipimo.

Jina langu Ndeaisia Tarimo.
Kilabu changu kipo Kiboriloni, nyuma ya wauza mitumba,
mlango wa bati la bluu. Bwana Lyatuu anaujua.
Aliujua hata kabla hajawa afisa biashara.
Asikohoe, simtaji kwa ubaya.

Barua inasema taa yangu huwaka saa nane usiku.
Huwaka. Sikatai.
Ndizi zikishakuwa jikoni hazijui saa za mauzo,
na mbege ya Jumamosi haianzi Jumamosi.
Anayeonekana dirishani ni mimi na mwiko,
na moshi.
Kama moshi ni kosa, tuanze na jina la mji.

Barua inasema mtoto alionekana akitoka na ndoo.
Alionekana. Anaitwa Godlizen, yuko darasa la nne,
na ndoo ilijaa machicha ya nguruwe wa bibi yake.
Nguruwe wenyewe ni wawili.
Umri wao, kweli, sikuuliza.

Cheka tu, mwenyekiti. Nilijua hapo utacheka.

Lakini shtaka la tatu ni la kweli.
Tarehe kumi na tisa Julai nilifunga saa nne,
nikafungua tena saa tano na nusu.
Walikuja wanne, udongo hadi viwikoni,
walikuwa wamechimba kaburi la mtoto wa Mshiu
kwa mwanga wa simu, na baridi ile mnaijua.
Niliwapimia kata moja moja. Sikudai hela,
ila niliandika. Ukurasa huu, kalamu nyekundu.
Daftari linaloruka usiku mbaya si daftari.
Kama ni faini, hiyo nitalipa.

Wakaniuliza kama nina adui.

Barua haikuwa na jina.
Ilikuwa na herufi g, pale kwenye "Ndugu Mtendaji",
mkia wake umejikunja kama wa kinyonga,
na mkia ule naujua mwaka wa sita sasa:
kila Alhamisi huandika hisa zangu
kwenye kitabu cha kikundi.

Nikasema, sina adui, mwenyekiti.
Nikakunja leseni yangu mara nne.

Wakanipa onyo la maandishi, faini,
na mhuri mpya, wa zambarau, bado mbichi.
Mlangoni wateja walinipokea kwa vigelegele vya kiume,
vibaya, vya kukwaruza. Umeshinda, mama!
Na Ombeni alikuwepo, benchi la ukutani, mahali pake,
fundi rangi, mume wa mwenye mkia wa g,
ujira wa wiki mfukoni
bado una joto la mkono wa tajiri.

Nilifungua daftari nikarudi nyuma na jina lake:
Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa,
kabla ya saa nne zote, zimelipwa zote,
mwandiko wangu mwenyewe, hauna doa.
Hakuna kifungu nilichovunja pale.
Ukurasa huo hakuna aliyeniuliza.

Nikamwambia, Ombeni,
leo kilabu kimefungwa, kwako wewe peke yako.
Akadhani utani. Akanyoosha mkono.
Benchi zima likasubiri nicheke.
Kata nikaifunika mdomo chini, juu ya pipa.

Alhamisi nitakwenda kikundini na hisa zangu tatu.
Ataziandika. Hatutasema kitu.
Nitatazama tu anavyoukunja ule mkia.